Mashine ya kuku inapopiga kelele: kujua chanzo na kuchagua iliyo kimya

Mashine ya kuzungusha kuku iliyo nzima haikosi sauti kabisa. Mota hunguruma kidogo, bati hutoa tik moja moja likipata moto, mafuta huchirizika kwenye trei. Hizo ni sauti za kazi. Zinazotafutiwa chanzo ni nyingine: kishindo kinachorudi kwa vipindi, mlio wa chuma kusagana na chuma, mtetemo unaoshuka hadi chumba cha chini. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu, ambako jiko aghalabu liko juu na watu wamelala chini ya sakafu ya boriti, mashine inayogonga saa tisa usiku wakati wa daku huamsha nyumba nzima na pengine jirani.

Wengi huishia kununua nyingine, kubwa zaidi, yenye wati nyingi zaidi, na kelele ikabaki palepale. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni za koili, yaani vyuma vinavyotoa moto. Mota inayomzungusha kuku katika oveni nyingi za mezani ni ndogo mno, wati nne hivi, na kelele hutegemea mambo matatu: gia zake, ufito (chuma kirefu anachochomekwa kuku) unavyokaa kwenye tundu la mota, na nyama ilivyofungwa. Hili la tatu ndilo lenye lawama mara nyingi, na kulirekebisha ni bure.

Anza kwa saa, si kwa bisibisi

Tafuta kwenye kibandiko cha mashine au kitabu chake namba iliyoandikwa rpm, yaani mizunguko kwa dakika. Oveni za mezani nyingi ni 2.5 hadi 3. Ikiwa 2.5, mzunguko mmoja huchukua sekunde 24. Ikiwa 3, sekunde 20. Kibandiko kikiwa kimefutika, funga uzi mweupe kwenye ufito na uhesabu kwa simu.

Sasa rekodi sauti kwa dakika mbili. Simu isikae juu ya meza ileile, kwa sababu itachukua mtetemo wa meza badala ya sauti ya hewani. Sikiliza rekodi ukipima pengo kati ya mlio na mlio. Pengo likilingana na mzunguko mzima, tazama nyama, uma (meno yanayoishika nyama kwenye ufito) na ufito wenyewe. Likiwa fupi na halibadiliki, tuseme sekunde nne au tano, kuna gia ya ndani yenye jino bovu. Mlio usio na pengo hutoka kwenye mota, feni au bati. Usiokuwa na mpangilio wowote ni moto na mafuta, na huo uache.

Rudia ufito ukiwa mtupu. Kelele ikitoweka, usifungue mashine; tatizo liko kwenye kuku.

Kishindo kila mzunguko

Kuku akichomekwa vibaya huwa na upande mzito na upande mwepesi. Upande mzito ukipanda, mota ndiyo inayousukuma. Ukivuka kileleni, uzito wenyewe huteremka na kuitangulia mota, mpaka uishe ule mwanya mdogo ulio kati ya meno ya gia na kati ya ufito na tundu lake. Hapo ndipo husikika "ko". Ukifika chini, mota huupokea mzigo tena, na huenda ikasikika "ko" ya pili, ndogo. Vishindo viwili visivyolingana ndani ya mzunguko mmoja ni alama ya nyama iliyoelemea upande, si ya gia iliyokwisha.

Hesabu yake ni nyepesi. Kuku wa kilo 1.5 ambaye ufito umempita sentimita 2 nje ya kitovu cha uzito wake huidai mota kilo-sentimita 3 kila anapopandishwa. Akiwa nje kwa nusu sentimita tu, mzigo huo unashuka hadi robo yake. Hakuna mota utakayonunua itakayokuletea nafuu kama hiyo.

Kwa kuku wa broila, fanya hivi:

1. Mfunge kwa uzi wa pamba, mita mbili zinatosha. Nailoni huyeyuka. Mabawa yabanwe ubavuni, miguu ifungwe pamoja na kuvutwa hadi mkiani. Bawa moja likichomoka huipiga trei au koili kila linapopita, na sauti yake hudanganya watu kwamba mota imevunjika.
2. Pitisha ufito kutoka shingoni hadi mkiani, karibu zaidi na mfupa wa kidari kuliko uti wa mgongo. Kidari cha broila ndicho kizito. Ukipita katikati ya uwazi wa tumbo kwa macho tu, utamkuta ameelemea mbele.
3. Zamisha uma mbili, moja kidarini na moja mapajani, kisha kaza skrubu zake.
4. Shika ncha mbili za ufito kwa vidole vilivyolegea, ukiwa juu ya sinki. Upande mzito utateremka wenyewe. Mgeuze robo mzunguko, umwachie tena. Akirudi palepale, chomoa umchomeke upya au sogeza miguu. Akibaki popote unapomwachia, yuko sawa.
5. Baada ya dakika 20 hadi 25 za moto, zima, vaa glavu, kaza skrubu tena.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa. Kuku hupungua uzito akiiva, huweza kupoteza hata robo, na nyama husinyaa ikaacha nafasi kuzunguka meno ya uma. Mashine iliyoanza kimya ikaanza kugonga katikati ya mapishi haijaharibika ghafla.

Kuku wa kienyeji ana taabu yake. Kidari chake ni chembamba na mapaja ndiyo yenye nyama, kwa hiyo ufito upite katikati zaidi, usisogezwe kidarini. Tena wengi humchemsha kwanza ili alainike. Akitoka kwenye maji ya moto moja kwa moja hadi kwenye ufito, maungo yake huwa yamelegea na paja huanza kupigapiga. Mchemshe dakika 30 hadi 40, mwache apoe mpaka nyama ishikane, ndipo umfunge, na uzi uzungushwe mara mbili kwenye mapaja.

Kuku wawili kwenye ufito mmoja ni rahisi kusawazisha kuliko mmoja, ukiwapanga kinyume: wa kwanza kidari juu, wa pili kidari chini. Mguu wa mbuzi ndio mgumu, maana mfupa haumo katikati na upande wa nyonga ni mzito kupita kiasi. Mwambie mwenye bucha autoe mfupa, kisha uukunje kama mkeka na kuufunga uzi kila sentimita 3. Kwa wanaotaka ukimya kabisa, hakuna nyama inayozunguka vizuri kama hiyo.

Samaki hakai kwenye ufito. Akianza kuiva hukatika na kuanguka. Changu, tewa au vipande vya nguru huwekwa kwenye kikapu cha waya. Kikapu kinachopiga kelele huwa hakijajaa: samaki huteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine kila kinapogeuka. Jaza mwanya kwa vipande vinene vya kitunguu au ndimu, na funga mlango wa kikapu kwa waya wa stenlesi, maana ndoano yake ikilegea hulia kama kengele.

Mngurumo usiokoma

Mota ya stima ya 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, hutetema mara 100 kwa sekunde. Mtetemo huo ni mdogo ukiwa ndani ya mota. Unaoukuza ni bati la ubavuni, meza, na chumba chenyewe.

Washa mzunguko peke yake oveni ikiwa baridi. Kama mashine hairuhusu kuzungusha bila koili, tumia dakika ya kwanza tu kabla bati halijashika moto. Bonyeza ubavu wenye mota kwa kiganja kizima. Sauti ikififia, bati limelegea: chomoa waya kwenye soketi, kaza skrubu za ubavuni na za nyuma. Huku pwani skrubu hizi huliwa na chumvi mapema kuliko kitu kingine. Iliyoshika kutu ing'olewe na kuwekwa ya stenlesi ya unene uleule pamoja na washa, yaani kipete cha chuma, nyembamba. Usikaze kwa nguvu zote. Bati ni jembamba, na tundu likishapanuka halishiki tena.

Kiganja kisipobadilisha kitu, inueni mashine watu wawili, sentimita chache juu ya meza, ikiwa bado baridi. Mngurumo ukishuka, mlaumu meza. Kabati la mbao za kubandikwa, lililo tupu ndani, hufanya kazi kama ngoma. Kata vipande vinne vya mpira wa tairi, sentimita 5 kwa 5, unene wa sentimita moja, uweke chini ya miguu minne tu. Usitandike mpira chini ya mashine nzima, kwa sababu matundu ya hewa mara nyingi yako chini. Ndara kuukuu hazifai: hulainika kwa joto, mashine ikainama.

Kuinama nako kuna madhara yake. Upande wa mota ukiwa chini kidogo, mafuta hufuata ufito hadi kwenye tundu la mota, yakaingia kwenye gia, na baada ya miezi kadhaa yakaganda humo. Laza pima maji juu ya mashine, au bakuli la maji kama huna. Ikibidi kuinama, upande wa mota uwe juu.

Kuhusu chumba: uwanjani, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi. Ndani ya chumba cha mawe kilichopigwa chokaa, chenye dari ya juu na kisicho na pazia, hupungua kidogo sana, kwa sababu kuta huirudisha. Shubaka la ukutani linavutia kama mahali pa kuhifadhia mashine, lakini ndipo pabaya kuliko pote. Hukuza sauti, na huziba hewa. Acha angalau sentimita 10 nyuma na kila upande. Juu darini chini ya makuti, pande zikiwa wazi, mashine ileile husikika ndogo zaidi. Ila ya koili isiwe karibu na makuti yenyewe.

Wanaotumia sola wana chanzo kingine. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa stima ya nyumbani) ya bei nafuu hutoa stima ya wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na mota ndogo ikilishwa stima hiyo hukoroma na kupata joto hata ikizungusha ufito mtupu. Jaribu mashine ileile kwa stima ya kawaida. Tofauti ikisikika, dawa ni inveta iliyoandikwa "pure sine wave". Na ujue kwamba oveni ya wati 1500 si mzigo wa inveta ndogo. Mota ya wati nne peke yake, juu ya jiko la makaa, ndiyo inayofaa.

Stima ikiwa dhaifu jioni, mota hukosa nguvu ya kupandisha upande mzito, hukwama na kunguruma papo hapo. Moto nao hupungua kuliko watu wanavyokisia. Koili ya wati 1500 kwa volti 240 hutoa wati 1040 tu volti zikishuka hadi 200. Kwa hiyo usifuate saa ya kitabu. Pima kwa kipimajoto katikati ya paja, bila kugusa mfupa, mpaka nyuzi 74 za Selsiasi.

Kulia na kukwaruza

Mlio mwembamba unaorefuka, unaokuja na kwenda na mzunguko, ni ncha ya ufito ikisagana na kilalio chake, yaani ule mfereji wa upande usio na mota. Chanzo cha kawaida ni kutu inayotokana na hewa ya bahari, na cha pili ni mafuta ya kupikia.

Watu huona chuma kinalia wakakipaka mafuta ya nazi au ya uto. Kwa siku mbili hunyamaza. Kisha joto huyageuza mafuta hayo kuwa gundi ya kahawia, na mlio hurudi mkubwa zaidi. Osha ncha kwa sabuni na maji ya moto, sugua kwa msasa namba 400 mpaka kidole kisikwame, futa, kausha kabisa. Kisha paka grisi salama kwa chakula, yenye alama ya H1, kiasi cha punje moja ya mbaazi, na soma kwenye kopo joto la juu inalostahimili. Grisi ya gari isikaribie jikoni. Penseli laini, ya 4B au 6B, ikisuguliwa kwenye ncha iliyo nje ya chumba cha moto huacha unga mweusi unaoteleza vizuri na hauungui. Ni dawa ya muda, lakini inafaa kuliko uto.

Ufito usiachwe ndani ya oveni baada ya kula. Osha, kausha, hifadhi pakavu. Ukiwa umepakwa kromu na ngozi yake imeanza kubanduka, hakuna msasa utakaousaidia. Tafuta wa stenlesi.

Kukwaruza kwa ukali, kunakosikika sehemu moja tu ya mzunguko, huwa ni ufito uliopinda. Uviringishe juu ya kioo au sakafu ya vigae: ufito wa mviringo utarukaruka, na wa mraba utaonyesha mwanga chini yake ukiulaza upande mmoja. Mwembamba wa milimita 6 hupinda kwa urahisi zaidi; wa 8 au zaidi hustahimili.

Tik-tik ya haraka, na mashine inayorudi kinyume

Tik inayosikika hata bila nyama, kwa pengo lilelile, ni jino la gia lililovunjika. Gia za plastiki hufa hivyo, hasa zikibebeshwa kuku aliyeelemea kwa muda mrefu. Gia haitengenezwi. Hubadilishwa mota nzima, maana mota na gia zake huja katika kijisanduku kimoja kilichofungwa.

Kurudi kinyume ni jambo jingine na huwatia watu hofu bure. Mota nyingi za oveni hizi huanza kuzunguka upande wowote: leo kulia, kesho kushoto. Zikikuta mzigo usiopandika, hugeuka na kurudi zilikotoka. Mashine inayokwenda nusu mzunguko, ikarudi, ikaenda tena, inakuambia kuku ameelemea. Rudi kwenye vidole vilivyolegea juu ya sinki.

Vijisauti vingine

Saa ya kuzungusha kwa mkono hutoa tiki mfululizo mpaka dakika ziishe. Nyingi zina alama ya kuwaka bila kikomo. Ukiiweka hapo hunyamaza, ila wewe ndiye utakayekumbuka kuzima. "Tak" moja kila baada ya dakika chache ni themostati ikiwasha na kukata koili, haina dawa wala haihitaji. Ili mafuta yasipasuke na kutoa moshi, mimina maji sentimita moja kwenye trei kabla ya kuwasha. Kama ni kuku wa kupaka, tui lisipakwe mapema. Mwache aive na chumvi, ndimu, pilipili na kitunguu thomu, kisha paka rojo la tui kwa tabaka nyembamba dakika 15 za mwisho. Likipakwa tangu mwanzo litadondokea koili ya chini na kuungua.

Feni ndiyo inayohitaji uamuzi. Ikiwa inaweza kuzimwa peke yake, izime na uongeze dakika kumi au kumi na tano. Kama ni oveni ndogo inayopika kwa hewa ya kasi, feni ndiyo inayopika. Haizimwi, na mashine za aina hiyo hazitakuwa kimya hata zikiwa na jina gani. Nyingi huuzwa zikiwa na ufito wa kuku, na picha kwenye boksi haina sauti.

Ukienda kununua

Kwa anayetanguliza ukimya, chaguo letu la kwanza ni mashine ya wima, ile ambayo kuku husimama akizunguka mbele ya koili. Ufito ukiwa wima, hakuna upande mzito wa kupanda wala kuteremka. Mota hubeba mzigo uleule mzunguko mzima, na kishindo hakina pa kutokea. Kasoro yake ni kwamba mafuta hutiririkia chini, kwa hiyo miguu hulowa na ngozi ya hapo haikauki vizuri, na kuku mrefu wa kienyeji huenda asitoshe. La pili ni jiko la gesi la kusimama lenye oveni na ufito, kwa kuwa uzito wake wenyewe huzima mtetemo. Oveni ya mezani ni la tatu, na hiyo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa dukani.

Nenda na kabichi. Kabichi la sokoni la kilo moja na nusu ni kipimo kizuri kuliko maneno ya muuzaji. Mwambie, "Kaka, nichomekee kwanza niisikie." Sikiliza ikiwa tupu. Kisha pitisha ufito katikati ya kabichi, kaza uma, sikiliza mizunguko mitatu. Halafu chomoa, lichomeke sentimita 2 pembeni, usikilize tena. Mashine nzuri itabadilika sauti kidogo lakini haitagonga wala kurudi kinyume. Muuzaji akicheka, mwache acheke. Asiyekubali mashine ijaribiwe ana sababu zake.

Wakati kabichi linazunguka, tazama mengine. Shika mpini utikise: ufito ukicheza zaidi ya milimita mbili kwenye tundu la mota, utagonga. Kilalio kiwe cha chuma chenye mfereji wa kina, kisiwe bati lililokatwa tu. Beba sumaku ndogo. Ikinata kwa nguvu kwenye ufito, hiyo ni stenlesi ya daraja la chini au chuma kilichopakwa kromu. Stenlesi ya 304 haishiki sumaku, au huishika kwa unyonge, nayo hustahimili zaidi hewa ya Lamu na Malindi. Desibeli zikiandikwa kwenye boksi bila kutaja umbali zilikopimwa, zichukulie kama pambo.

Kisha soma kibandiko cha stima. Kenya ni volti 240, 50 Hz. Jamaa akileta mashine kutoka Saudia, huenda volti zikakubali lakini ikawa imetengenezwa kwa 60 Hz peke yake: hapa itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na mota itanguruma na kupata joto zaidi. Ya Marekani ya volti 120 huungua papo hapo isipopitishwa kwenye transfoma, na transfoma ya kubeba wati 1500 inanguruma yenyewe. Kutoka Dubai hakuna shida, huko ni 50 Hz kama hapa.

Kwa anayepeleka Lamu, jaribu mashine kabla haijaondoka Malindi au Mombasa, na ijaribiwe tena ikifika. Kutoka gati ya Mokowe inapanda boti, kisha rukwama au punda, na kuirudisha dukani ni safari nyingine. Toa ufito ndani ya boksi ubebwe mkononi. Ukiachwa ukining'inia kwenye tundu lake njia nzima, mtikiso hulegeza mota kabla hujapika kuku hata mmoja.

Mota ya kufunga kwenye jiko la makaa ndiyo nafuu zaidi, nayo haina feni, saa wala themostati ya kulia. Zipo zinazotumia betri mbili kubwa za D. Zina sauti ndogo, ila husuasua kwa kuku mzito, kwa hiyo soma uzito wa juu ulioandikwa na ubaki chini yake. Weka bati la kukinga joto kati ya makaa na mota, na wakati wa kusi geuza jiko ili upepo usisukume moto upande wa mota. Plastiki iliyolainika hubana gia, na sauti yake ni ya kusaga kahawa.

Mota ya kubadilisha

Kibandiko cha mota ya zamani ndicho cha kupeleka dukani, au picha yake. Mfano wa kawaida ni 220-240V, 50/60Hz, 4W, 2.5/3 rpm: namba ya kwanza ya mizunguko ni ya 50 Hz, ya pili ni ya 60 Hz. Volti na mizunguko vifanane. Uelekeo haujalishi kwa kuku. Pima kwa rula umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, na umbo la tundu la ufito, la mraba au la mviringo wenye ubapa mmoja, pamoja na upana wake. Hapo ndipo wengi hurudi dukani mara ya pili.

Kazi ya waya aachiwe fundi wa stima, mashine ikiwa imechomolewa na kupoa. Waya za ndani ziwe za kustahimili joto, zenye ganda la silikoni au la nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa taa ganda lake hulainika karibu na koili. Mota ikishafungwa, izungushe na ufito mtupu kwa dakika kumi ubavu ukiwa bado wazi kwa fundi kuona, kisha weka kabichi.